Turbo ya mapezi yanayogeuka kwenye dizeli ya zamani: uidhibiti kwa kipimo gani?

Swali la msomaji: Shikamoo mtaalamu. Injini yangu ni Toyota 1HZ ya lita 4.2, ambayo kiwandani haikuwa na turbo. Nimeifungia turbo ya Garrett ya mapezi yanayogeuka, niliyoitoa kwenye dizeli ya kisasa ya lita 3.0. Kwa kuwa sina kompyuta ya kuiendesha, niliondoa kikopo chake cha vakyumu kinachosogeza mapezi, nikaweka kikopo cha presha cha turbo ya kawaida na kukipanga ili presha ya turbo ndiyo ifungue mapezi. Mwendo wa chini gari linavuta vizuri mno. Lakini kwenye safari ndefu injini inapata joto, mafuta yanakwisha haraka kuliko zamani, na ikipita mizunguko 2,800 ni kama mtu ameikaba koo. Geji ya turbo haijawahi kupita bar 0.7. Je, turbo ni ndogo? Na ni lazima ninunue kidhibiti cha kielektroniki?

Jibu: Marahaba, ndugu. Nianze na hofu ya turbo ndogo, maana ndiyo nyepesi kuiondoa. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 3,600 kwa dakika humeza takribani lita 107 za hewa kwa sekunde, tukikubali kwamba silinda hazijai kikamilifu. Kwa bar 0.7 za turbo, bila kipoza hewa, hiyo ni kama gramu 170 kwa sekunde. Dizeli ya kisasa ya lita 3.0, ambayo hufanya kazi kwa shinikizo kubwa zaidi na ina kipoza hewa, hupitisha kiasi hicho na zaidi inapokuwa katika mwendo wake wa juu. Turbo inatosha. Kinachoikaba injini yako ni mapezi yanayobaki yamefungwa wakati yalipopaswa kuwa wazi, na geji yako haiwezi kukuonyesha hilo kwa sababu umeifunga upande usiougua.

Turbo ya aina hii haina mlango wa kupunguzia moshi kama ile ya kawaida. Moshi wote hupita kwenye gurudumu la tabaini, yaani lile linalozungushwa na moshi, ila kabla ya kulifikia hupenya kati ya mapezi madogo yaliyopangwa kwa duara, ambayo hugeuka yote kwa pamoja. Yakijifunga, njia huwa nyembamba, moshi hupita kwa kasi na kulipiga gurudumu kwa nguvu, kwa hiyo turbo huamka mapema hata kama moshi ni mchache. Yakifunguka, njia hupanuka na moshi mwingi hupita bila kuzuiwa. Faida unayoisikia mwendo wa chini inatokana na kufungwa huko, na hasara unayoisikia juu inatokana na kufungwa hukohuko, kwa kuwa kila mara unapoubana moshi ili uzungushe turbo, unaitaka pistoni ifanye kazi ya kuusukuma moshi huo nje.

Ndiyo maana ninasema, na hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi, kwamba kitu cha kudhibiti kwenye turbo hii si shinikizo la hewa inayoingia pekee. Ni shinikizo la moshi kwenye manifoldi ya eksozi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, kabla ya tabaini, likilinganishwa na lile la hewa. Kwenye turbo ya kawaida mashinikizo hayo mawili huenda pamoja kwa kiasi cha kutosha hata geji moja ikatosheleza. Kwenye turbo ya mapezi yanaweza kuachana kabisa: hewa ikawa bar 0.4 na moshi bar 1.4, na dereva asijue lolote.

Tuuchukue mfano huohuo, kwa sababu nadhani ndiyo hali yako ya safari ndefu. Unakwenda kwa mwendo wa wastani kwenye barabara tambarare, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500, mguu ukiwa mwepesi. Kikopo chako kina springi inayoyafunga mapezi, na hakianzi kusogea mpaka hewa ifike, tuseme, bar 0.5. Mzigo ni mdogo, hewa haifiki hapo, basi mapezi yanabaki yamefungwa kwa saa nzima. Tofauti ya bar 1 kati ya moshi na hewa, kwa injini ya lita 4.2 kwenye mizunguko hiyo, hula karibu kW 8.7, yaani kama nguvu farasi 12, kwa kazi tu ya kusukuma moshi nje. Nguvu hiyo inatoka kwenye tangi lako la mafuta, na sehemu yake kubwa inaishia kuwa joto. Huhitaji kutafuta ugonjwa mwingine wa kuelezea geji ya joto inayopanda.

Kuna jambo la pili, ambalo huwa halitoi ishara mpaka limeshaharibu kitu. Injini isiyokuwa na turbo kiwandani hupewa springi za valvu zinazotosha kwa eksozi iliyo huru. Wakati pistoni inashuka kuvuta hewa, valvu ya eksozi imefungwa, na moshi ulioko kwenye manifoldi unaisukuma kutoka mgongoni ili ifunguke. Kwa valvu yenye kipenyo cha milimita 36, tofauti ya bar 1.5 ni nguvu ya newtoni 153 hivi, sawa na mzigo wa kilo 15 na ushee ukiipinga springi. Tofauti ikifika bar 3, nguvu huwa newtoni 305. Mahali inapotokea kirahisi zaidi kwa mpangilio kama wako ni kwenye mteremko, mguu ukiwa umeachia mafuta na injini ikizunguka kwa kasi: hewa ni kidogo, springi ya kikopo inayafunga mapezi, na injini inabanwa kama yenye breki ya eksozi. Kwenye malori, turbo za Holset zenye pete inayosogea hutumiwa makusudi kwa kazi hiyo ya breki, lakini injini zake zimeandaliwa kwa springi za valvu zinazoistahimili. Yako haikuandaliwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, funga geji ya pili. Geji ya kawaida ya hewa ya bar 0 hadi 4 inatosha. Tafuta tundu kwenye manifoldi ya eksozi kabla ya turbo. Kama halipo, itoe manifoldi ndipo utoboe, maana chenga za chuma zikibaki ndani zitakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la tabaini. Kutoka hapo vuta bomba jembamba la chuma, lenye urefu wa kama mita moja, ulizungushe mara tatu au nne kama springi ili moshi upoe kabla ya kufika kwenye mpira wa geji. Shaba ni rahisi kukunja na itafaa kwa jaribio la siku mbili, lakini mtetemo huifanya iwe ngumu na hatimaye hupasuka. Geji iwe juu kuliko tundu, ili maji yanayojikusanya bombani yarudi kwenye manifoldi badala ya kutuama. Mshale ukitetemeka kwa mapigo ya silinda, weka kizuizi chenye kitundu kidogo kwenye bomba, nao utatulia.

Kisha endesha ukiwa na mtu wa kukusomea, macho yako yabaki barabarani. Ninachokitaka kwenye mlima mrefu, mguu ukiwa umekanyaga sana, ni moshi usiozidi mara 1.5 ya hewa. Hesabu hiyo ni ya geji zote mbili zikiwa zinaanza na sifuri. Kwa muda mfupi turbo inapoamka, mara 2 inavumilika. Kwenye tambarare uwiano hauna maana sana kwa kuwa hewa yenyewe ni ndogo, hivyo hapo tazama tofauti: ikizidi bar 0.5 wakati gari linakwenda polepole bila mzigo, mapezi yamefungwa kupita kiasi. Ukiweza, ongeza kipima joto cha moshi kabla ya tabaini. Mimi kwa injini za umri huu sipendi kuona zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi kwa mfululizo.

Sasa tiba. Njia nyepesi kuliko zote ni kubaki na kikopo ulichonacho, ukilegeza springi ianze kuachia kwenye bar 0.2 badala ya 0.5, na kuubadilisha mkono wa kuunganishia ili safari yote ya kikopo ilingane na safari yote ya mapezi. Utapoteza kidogo mvuto wa chini na utapata nafuu juu. Lakini kasoro ya msingi inabaki: kikopo kinaona hewa, hakioni moshi. Fahamu pia kwamba mapezi hayafanyi kazi kwa usawa katika safari yake yote. Hatua chache za kwanza kutoka kwenye kufungwa hubadilisha mambo sana, na theluthi ya mwisho karibu haisikiki. Kwa hiyo ukirekebisha fimbo ya kikopo, zungusha nusu mzunguko kwa wakati mmoja kisha ukajaribu barabarani.

Njia ninayokushauri, kama unataka kubaki bila umeme, ni kukiunganisha kikopo hichohicho na moshi badala ya hewa. Yaani lile bomba la geji ya pili ulitolee tawi liende kwenye kikopo, springi ikiwa imepangwa ianze kuachia kwenye bar 0.5 za moshi na mapezi yawe wazi kabisa karibu na bar 1.2. Hapo kitu kinachoikaba injini ndicho kinachojifungulia mlango. Ukiwa kwenye tambarare, moshi ukijikusanya mapezi yanaachia. Ukiteremka mlima, vivyo hivyo. Ukikanyaga ghafla, moshi bado mchache, mapezi yamefungwa, turbo inaamka. Hewa nayo haiwezi kupanda ovyo, kwa sababu turbo haitoi hewa nyingi bila kupewa moshi wenye shinikizo. Ubaya wake ni masizi, unyevu na joto kwenye kiwambo cha mpira kilichomo ndani ya kikopo. Bomba refu lenye mteremko wa kurudi kwenye manifoldi hupunguza matatizo hayo, halafu kila unapobadilisha oili ulifungue na kulipuliza. Kiwambo kikipasuka, mapezi yatabaki yamefungwa na utaisikia injini ikikabwa tena, safari hii kwa ukali zaidi; usiendelee na safari kwa mwendo wa juu.

Wapo wanaopeleka moshi upande mmoja wa kiwambo na hewa upande wa pili, ili kikopo kipime tofauti yenyewe. Wazo ni zuri na kwenye karatasi linavutia, lakini kwa mpangilio huo hakuna kinachoweka ukomo wa hewa: vyote viwili vinaweza kupanda pamoja na tofauti ikabaki ileile. Bila mlango wa pembeni wa kupunguzia au ukomo madhubuti wa mafuta, nisingeuweka kwenye injini ya wateja.

Kuhusu kielektroniki, si lazima, ila ina ubora mmoja ambao watu huupuuza: inakurudisha kwenye kikopo cha ombwe ulichokitoa. Kikopo kile kimepangwa kinyume na chako. Springi yake huyafungua mapezi, na ombwe, ambalo mafundi huliita vakyumu, ndilo huyafunga. Mpira ukichomoka, waya ukikatika au kidhibiti kikizimika, mapezi hufunguka na unabaki na gari zito lakini salama. Kama bado unacho, kijaribu kwa pampu ya mkono ya ombwe: vingi huanza kusogea kati ya kPa 10 na 17 na hufika mwisho karibu na kPa 60. Mkono usogee bila kukwama, na ombwe libaki palepale ukiacha kupampu. Ukisikia mkwaruzo, au mkono ukirudi kwa mikupuo, ni masizi kwenye mapezi, na hakuna kidhibiti kitakachotibu hilo.

Kidhibiti chenyewe hufungua na kufunga solenoidi, yaani valvu ya umeme, kwa mapigo kati ya 100 na 300 kwa sekunde, kutegemea aina ya solenoidi, na asilimia ya muda inayokuwa wazi ndiyo huamua ombwe kiasi gani kikopo kipate. Kazi ngumu ni kukiambia kinataka nini. Kosa la kawaida ni kukiwekea shabaha moja, tuseme bar 0.7, halafu kuiachia hesabu ya kujirekebisha ifanye kazi yake. Ukiwa unatambaa kwa mguu mwepesi, shabaha haifikiwi kwa sababu moshi hautoshi. Kidhibiti kinakusanya deni, kinayafunga mapezi mpaka mwisho, na unarudi palepale ulipoanzia. Kisha ukikanyaga, deni lile linamwagika kwa mkupuo na hewa inaruka kupita shabaha kabla mapezi hayajaanza kuachia. Shabaha lazima ifuate mzigo: mguu mwepesi, shabaha ndogo au hakuna kabisa, na mapezi yakae kwenye nafasi iliyoandikwa mapema kwenye jedwali la mizunguko na mzigo. Hesabu ya kujirekebisha irekebishe kidogo tu juu ya jedwali hilo, na mkusanyiko wake uwekewe ukomo.

Kwenye injini za kompyuta mzigo unajulikana, kwa kuwa kompyuta ndiyo inayopima mafuta. Kwenye pampu ya kimakanika watu hufunga sensa kwenye mkono wa pampu na kuuhesabu kuwa ndio mzigo. Hapa kuna mtego. Ikiwa gavana ya pampu, yaani kifaa kinachodhibiti mizunguko ya injini, ni ya mwendo wote, mkono hauelezi kiasi cha mafuta. Unaeleza mizunguko ambayo dereva anaitaka, na gavana ndiyo inayoamua mafuta. Mkono unaweza kuwa katikati huku pampu ikitoa mafuta yote kwa sababu gari liko mlimani. Kwa hiyo ongeza sensa ya shinikizo la moshi, na uipe sauti ya mwisho: moshi ukipita kiwango ulichoweka, mapezi yafunguke bila kujali jedwali wala shabaha zinasema nini.

Weka pia ukomo wa kufunga. Kwanza kwenye mizunguko ya chini, kwa mfano chini ya 1,500, kwa sababu ukilazimisha hewa nyingi wakati injini bado haiwezi kuimeza, kompresa, yaani upande wa turbo unaokandamiza hewa, huitapika kurudi nyuma; utasikia mlio wa kupapatika kwenye bomba la kichujio cha hewa, na kila pigo moja ni kipigo kwenye beringi za turbo. Pili kwenye mizunguko ya juu, kwa ajili ya siku mpira wa hewa utakapopasuka. Hewa ikivuja, kidhibiti huona shinikizo limepungua, hufunga mapezi zaidi, turbo huzunguka kwa kasi zaidi kuitafuta shabaha isiyopatikana, na geji inaonyesha hewa ndogo wakati gurudumu linakaribia kuvunjika. Ukomo wa asilimia ya solenoidi kwa kila mizunguko hulizuia jambo hili bila sensa ya ziada.

Ukiwa unaendesha nyanda za juu, kumbuka geji inapima ziada juu ya hewa ya nje. Kwenye mita 2,000 hewa ya nje ni karibu bar 0.8. Bar 0.7 za turbo pwani zinaitaka kompresa ikandamize hewa mara 1.7, lakini huko juu bar 0.7 zilezile ni karibu mara 1.9. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi kwa namba ileile ya geji. Ombwe nalo hupungua, kwa kuwa pampu haiwezi kuvuta zaidi ya hewa iliyopo, hivyo kikopo kinachohitaji kPa 60 hukaribia mwisho wa uwezo wa pampu.

Ile skrubu ndogo inayozuia mkono wa mapezi kwenye upande wa kufunga usiiguse. Imepangwa kiwandani kwa kipimo cha mtiririko, na robo mzunguko hubadilisha tabia ya turbo nzima. Na kwa kuwa mapezi yasiyotembea huganda kwa masizi, kidhibiti kiyatembeze kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kila unapowasha injini. Ukibaki na kikopo cha moshi, mlima mmoja wa kukanyaga sana kila wiki utafanya kazi hiyo.

La mwisho ni la breki. Ukirudi kwenye ombwe, utalichukua kwenye pampu ya ombwe ya injini, ambayo ndiyo hiyohiyo inayohudumia busta ya breki, yaani kifaa kinacholainisha kanyagio. Tawi la turbo lisikatwe kwenye mpira unaokwenda kwenye busta baada ya valvu ya njia moja. Lichukuliwe upande wa pampu, lipitie kizuizi chenye kitundu kidogo, liwe na valvu yake ya njia moja na kichupa chake cha akiba. Ukimaliza kufunga, washa injini kwa dakika moja, izime, chomoa mpira wa kikopo cha turbo uuache wazi, kisha ukanyage breki. Kanyagio liwe laini kwa angalau mikanyago miwili kabla ya kuwa gumu. Likiwa gumu tangu mkanyago wa kwanza, gari lisiondoke hapo lilipo mpaka tawi hilo lirekebishwe.